UZI: Kichaka unachokichoma kila mwaka ndicho msitu unaorudi (Shinyanga, Kondoa, Bamburi na zamu za uoto)

Nyasi Ndefu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila ifikapo Agosti na Septemba, ukipita Tabora, Shinyanga hadi Singida, unachokutana nacho ni moshi. Shamba limepumzishwa miaka mitatu minne, limeanza kushika vichaka, mwenyewe anaona pamechafuka, anatia kiberiti. Mvua zikija anapewa miche ya mikaratusi apande palepale alipochoma. Simlaumu mkulima. Hata kwenye taarifa za mazingira tunahesabu miche iliyopandwa, hakuna safu ya visiki vilivyochipua vyenyewe. Ndiyo maana nimeona tuzungumze kwa kirefu, kwa sababu naamini tunaharibu msitu ambao tayari umeshaanza safari ya kurudi.

Ardhi iliyoachwa haioti ovyo. Ina zamu. Zamu ya kwanza ni ya magugu yanayokua haraka na kufa haraka: mashona nguo, mchicha pori na wenzake. Mbegu zake zilikuwa udongoni siku zote, zinasubiri jembe lipumzike. Hayadumu, lakini yanafunika udongo ili mvua ya kwanza isiuchukue. Yakipungua yanaingia majani ya kudumu, yale marefu ya kuezekea. Halafu vinakuja vichaka vya miiba: mtunduru, migunga midogo, kila kinachochana nguo. Hapo ndipo watu wengi wanapokata tamaa, maana hapapitiki, halimiki, na nyoka wanaogopewa.

Sasa angalieni kinachofanyika ndani ya ile miiba. Ng'ombe hafiki, kwa hiyo mche wa mti mkubwa unapata pa kujificha. Ndege anatua juu, anaacha mbegu alizokula kwingine. Mizizi ya mgunga ina bakteria wanaonasa naitrojeni kutoka hewani, na majani yake yakidondoka yanaurudishia udongo kile ambacho pamba au mahindi vilikinyonya. Kivuli kikiongezeka, majani yanayopenda jua yanapungua, na moto unakosa cha kula. Kichaka kinatayarisha mahali kisha kinazidiwa na miti iliyokulia ubavuni mwake. Ukikifyeka na kukichoma kila mwaka, unairudisha ardhi kwenye majani, na mwaka unaofuata unarudia tena. Inaweza kubaki hivyo miaka hamsini.

Kwenye ukanda wa miombo, yaani misitu mikavu inayotawaliwa na mitundu na jamaa zake, kuna jambo la ziada. Mitundu na jamaa zake hawategemei sana mbegu. Ganda lao likikauka linapasuka kwa kishindo na kurusha mbegu mita chache tu kutoka kwa mama, na mbegu hizo hazikai udongoni miaka mingi zikisubiri. Msitu wa miombo unarudi kwa visiki na mizizi. Kisiki kinaonekana kimekufa, lakini chini mizizi ni mizima na ina akiba ya chakula. Kwa hiyo shamba lililolimwa kwa jembe la mkono, visiki vikiachwa, na shamba lililong'olewa visiki kwa trekta, ni mashamba mawili tofauti kabisa siku ukiyaacha. La kwanza ndani ya miaka michache lina vichipukizi vinavyokupita urefu. La pili linaweza kubaki na majani na miiba kizazi kizima.

Na moto si mmoja. Kule Ndola, Zambia, kuanzia 1933 walitenga vipande vya miombo: kimoja hakichomwi kabisa, kimoja kinachomwa mapema kiangazi kinapoanza, majani yakiwa bado na unyevu, kingine kinachomwa mwishoni kiangazi kikiwa kikali. Kile kisichochomwa kilifunga, kikawa msitu mzito wenye mimea ya kijani mwaka mzima chini yake. Cha moto wa mapema kilibaki miombo. Cha moto wa mwisho kiligeuka uwanda wa majani wenye miti michache sugu. Udongo uleule, mvua ileile. Tofauti ni mwezi wa kutia kiberiti.

Nitaendelea na Shinyanga. Wanaojua zaidi wakaribie.

Kibuyu cha Maji

Naweka kambi hapa. Swali la haraka: nilifundishwa shuleni kwamba mwisho wa zamu hizi ni msitu mkubwa uliotulia, na kila ardhi inaelekea huko. Bado ndivyo?

Nyasi Ndefu

Mkuu, hiyo ni hoja ya Mmarekani Frederic Clements, aliyeiandika 1916. Aliuona uoto kama kiumbe kimoja kinachokua hadi utu uzima. Muongo mmoja baadaye mwenzake Henry Gleason akapinga, akasema kila mmea unafuata njia yake na mchanganyiko unaoupata unategemea mbegu zipi zilifika na nini kilitokea. Kwa nchi zetu Gleason yuko karibu zaidi na ukweli. Mahali pamoja panaweza kuishia mbuga ya majani, kichaka cha miiba au msitu, kutegemea moto, mifugo, tembo na sisi. Hili ni muhimu, kwa sababu maofisa wa kikoloni walioshika ile picha ya mwisho mmoja walihesabu kila mfugaji kama mharibifu wa msitu uliopaswa kuwepo. Kuna mbuga ambazo ni mbuga tangu enzi na enzi, na kuzijaza miti nako ni kuziharibu.

Sasa Shinyanga.

Kabla ya miaka ya 1920 sehemu kubwa ya Usukuma ilikuwa na migunga na, upande wa magharibi, miombo. Serikali ya kikoloni ilitaka kumaliza mbung'o. Shinyanga ikawa makao ya utafiti wa mbung'o chini ya Mwingereza Swynnerton, na njia iliyotumika ilikuwa kufyeka na kuchoma pori lenyewe. Maelfu ya watu walitolewa kwenda kufyeka. Mbung'o walipungua, kweli, na ng'ombe wakaongezeka. Ikaja pamba, mashamba yakapanuka. Kisha Operesheni Vijiji ya 1974 na 1975 ikawahamisha watu mbali na maeneo waliyokuwa wakiyatunza. Ardhi haikupewa nafasi hata moja ya kuvuka zamu ya majani. Kufikia miaka ya 1980 watu waliiita Jangwa la Tanzania, akina mama wakitembea mwendo wa saa nyingi kutafuta kuni na kupikia samadi.

Mwalimu Nyerere aliitembelea 1984, na mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Mwanzoni ulikuwa kama miradi mingine: vitalu, miche, miti mingi ya kigeni. Haikwenda vizuri. Wananchi walikuwa na jambo lao tayari, ngitili, na wataalamu walipokubali kulisikiliza ndipo mambo yalipobadilika.

Ngitili ni eneo unalolifunga mvua zinapoanza, mifugo haingii, majani yanakua na kukauka yakiwa yamesimama. Unalifungua Julai au Agosti, malisho ya kwingine yakiisha. Ni desturi ya malisho ya kiangazi. Lakini ukimzuia ng'ombe miezi ile ambayo vichipukizi ni laini, visiki vinanyanyuka. Wasukuma walikuwa wakitunza majani, na miti ikarudi pamoja nayo.

Takwimu zenyewe: 1986 ngitili zilizoorodheshwa zilikuwa takriban hekta 600 tu. Mradi ulipofungwa 2004 zilikuwa zimefika kama hekta 350,000 katika vijiji 833. Hiyo ni Shinyanga ya zamani, ambayo mwaka 2012 ilimegwa kuzaa Simiyu na kutoa sehemu kwa Geita. Watafiti waliopita humo walikuta zaidi ya spishi 150 za miti, vichaka na mimea mingine, na aina 145 za ndege. Mwaka 2002, Johannesburg, HASHI ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Sehemu kubwa ya miti ile haikupandwa na mtu.

Maswa Mashariki

Mwanzisha uzi umesema vema, niongezee ya ndani kwa ndani.

Ngitili hazikulindwa na askari wa misitu. Zililindwa na dagashida, mkutano wa kijiji unaopanga sheria, na sungusungu, walinzi wa jadi, waliozisimamia. Ukilisha kwenye ngitili ya mwenzio unalipa, na usipolipa unatengwa, hakuna anayekuja kwako hata kwenye msiba. Faini ya serikali unaweza kuizungumza. Kutengwa na jirani huwezi.

Pia kuna ngitili za aina mbili. Za familia ni ndogo, mara nyingi hekta mbili hadi tano karibu na nyumbani. Za kijiji ni kubwa, na mapato yake yamejenga madarasa sehemu nyingi. Za familia ndizo zilizoshika haraka zaidi, kwa sababu mwenyewe yupo na anaziona kila siku.

Lakini nisiwape picha ya upande mmoja. Ardhi imebana. Baba akifa ngitili inagawanywa kwa watoto, kipande kinakuwa kidogo mno, mmoja anataka kulima dengu, mwingine anataka kuuza. Wenye ng'ombe wengi wana ngitili kubwa, asiye na ng'ombe anabaki kuomba kuni. Ndiyo maana kuna maeneo zamu hizo zilifika kwenye miti yenye kivuli halafu zikarudishwa mwanzo ndani ya msimu mmoja. Uoto unahitaji miaka ishirini ya amani, na urithi wa ardhi yetu hautoi miaka ishirini kwa urahisi.

Irangi Juu

Wakuu, mimi ni wa Kondoa, na sisi tuna kisa chetu ambacho watu wanakisahau.

HASHI ilipoanza, sisi tulikuwa tayari na HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, tangu 1973, kwa msaada wa Waswidi. Milima ya Irangi ilikuwa imechanwa na makorongo kiasi kwamba yanatosha kuficha nyumba. Walijenga matuta, wakapanda miti, hali haikubadilika sana. Mwaka 1979 serikali ikaamua: mifugo yote itoke kwenye eneo lililomomonyoka, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda, makumi ya maelfu. Wazee wetu wanaisimulia kama msiba.

Uoto ulirudi. Sibishi, mwenye macho anaona. Kwanza majani yakafunika milima, kisha vichaka, kisha miti kwenye mabonde. Makorongo mengi yakaacha kukua, na mchanga uliokuwa umejaa mitoni ukashikwa na majani, watu wakalima hapo. Lakini maziwa yaliondoka mezani, samadi ikaondoka shambani, na mifugo ile haikufa, ilihamia kwa jirani zetu na kubanana huko. Kwa hiyo ardhi moja ilipona huku nyingine ikibebeshwa mzigo wake. Baadaye waliruhusu ng'ombe wachache wa maziwa wa kufungia ndani.

Swali langu kwa mwanzisha uzi: kama zote mbili zimerudisha uoto, kwa nini tusiseme tu kwamba dawa ni kuondoa mifugo?

Nyasi Ndefu

Ndugu yangu wa Irangi, asante kwa kulileta hili, na pole kwa yaliyowapata wazee.

Mmea haujui nani aliyeamuru. Kisiki kinachipua kwa amri ya serikali kama kinavyochipua kwa makubaliano ya dagashida. Tofauti inakuja miaka kumi baadaye, pale mlinzi anapoondoka. Kilichowekwa kwa amri kinadumu kadiri amri inavyodumu. Kilichotokana na desturi kina mtu anayeamka asubuhi kukiangalia kwa faida yake mwenyewe.

Na kimahitaji ya uoto, ng'ombe hatakiwi kutoweka. Anayetakiwa kubadilika ni mwezi wake. Vichipukizi vinahitaji kuachwa mvua inaponyesha, vikiwa laini. Ng'ombe akiingia kiangazi anakula majani makavu, anapunguza kuni za moto, anaacha samadi, na maganda ya mgunga aliyoyala anayatawanya yakiwa na mbegu zilizo tayari kuota. Kumfukuza kabisa kunaacha majani mengi makavu, na yakiwaka Septemba mnapoteza vichipukizi vyote kwa siku moja. Kwa ardhi iliyochanika kama yenu ilivyokuwa, kupumzisha kabisa miaka ya mwanzo kulihitajika, ninakubali. Ila watu walipaswa kuulizwa.

Mvinje wa Nyali

Assalaam aleikum ndugu zangu wa bara. Nimesoma uzi wote, na naona mwazungumzia ardhi iliyo na mizizi chini. Niruhusuni niwaletee ya kwetu Mombasa, ambako hakukuwa na mzizi wala udongo.

Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza 1954. Malighafi ni mwamba wa matumbawe ya kale. Walichimba mpaka karibu na maji ya chini, na wakimaliza mahali walihamia pengine, wakiacha uwanda mweupe wa mawe, joto lake laumiza macho, maji yaliyochomoza yana chumvi. Hakuna mbegu, hakuna kisiki, hakuna mnyoo. Hapo kuanza ni kuanzia mwamba mtupu, kama kisiwa kilichotoka baharini.

Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, aliyekuwa akifanya kazi hapo kiwandani, alianza majaribio. Alipanda aina 26 za miti kwenye mawe yaliyovunjwavunjwa. Zilizostahimili ni tatu: mvinje, mnazi na mdamasi, ule unaotoka nchi za Wasomali. Mvinje ndio uliokuwa shujaa. Wavumilia chumvi, mizizi yake yashirikiana na bakteria wanaonasa naitrojeni, na wakua haraka hata pasipo na udongo.

Lakini palizuka kizuizi ambacho kwangu ndicho kiini cha habari nzima. Vijani vya mvinje, vile kama sindano, vilidondoka vikarundikana tu. Vina tanini nyingi, ile kemikali kali ya mimea, havikuoza. Yaani mti ulikuwepo, kivuli kilikuwepo, na udongo haukutengenezeka. Zamu ya pili haikuweza kuingia kwa sababu ya kwanza haikupata wa kuimeng'enya. Kisha Haller akaona jongoo wakila zile sindano. Jongoo wakubwa wenye miguu myekundu, mnaowajua nyote wa pwani, wanaotoka mvua za masika. Akawaleta wengi, wakala, wakanya, na kinyesi chao kikawa chakula cha bakteria na kuvu. Ndani ya miaka michache palikuwa na tabaka jembamba la udongo mweusi juu ya mawe.

Baada ya hapo ndipo miti ya misitu ya pwani ilipopata pa kushika. Na mvinje wenyewe mche wake hauvumilii kivuli, kwa hiyo chini ya mvinje wakubwa hauoti mvinje mwengine, waota mti tofauti. Umeandaa mahali kwa wengine. Wakaja ndege, nyani, wakaletwa pofu na twiga, mabwawa yakafugwa perege. Mahali penyewe leo paitwa Haller Park. Wengi wenu mwapajua kwa sababu ya Owen, yule mtoto wa kiboko aliyeletwa hapo Desemba 2004 baada ya tsunami, akashikamana na kobe mkongwe aitwaye Mzee.

Nasisitiza: hii si ruhusa ya kuchimba. Kilichokua pale si ule msitu wa mwanzo wa pwani wenye mimea isiyopatikana kwingine duniani. Ule ukishaondoka, jongoo hawaurudishi.

Kibuyu cha Maji

Hii ya jongoo nimeisoma mara mbili. Mtu anahesabu miti, kumbe aliyekuwa amekosekana ni mdudu.

Lakini mvinje wa kule mmeupanda kwa mkono, nao si mti wa asili ya mwamba ule. Mbona mwanzisha uzi anawasema vibaya mikaratusi? Wa kigeni ukisaidia si umesaidia?

Marigat Kwetu

Hapo kwa wa kigeni niingilie, kwa sababu sisi wa Baringo, Kenya, tumeumia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 tuliletewa mti wa kutoka Amerika, hapa tunauita mathenge. Nia ilikuwa nzuri: nchi ilikuwa kavu, imelishwa sana, kuni hakuna, vumbi tupu. Mathenge ulishika haraka kuliko kitu chochote. Ndugu wa Mombasa amesema mvinje hauoti chini ya kivuli chake, unaachia wengine. Mathenge hauachii. Unafunga kichaka ambacho mbuzi hapiti, nyasi chini zinakufa, mizizi inashuka mbali kutafuta maji. Mbuzi wanakula maganda yake matamu, mbegu zinapita tumboni salama na kupandwa na samadi mahali papya, kila wanapokwenda. Ule utamu unaoza meno yao. Mwaka 2006 watu wetu walienda mahakamani Nairobi, wakampeleka na mbuzi aliyepoteza meno awe ushahidi.

Kwa hiyo zamu zetu zilisimama kwenye mti mmoja. Kandokando ya Ziwa Baringo palikuwa na migunga na malisho, na sasa ni mathenge mpaka upeo wa macho. Watu wanachoma mkaa wake, wanasaga maganda kuwa chakula cha mifugo, wanajitahidi. Lakini kisiki chake nacho kinachipua, kama tu vile visiki vyenu mnavyovipenda.

Mti wowote wa kuletwa uulizwe swali moja kabla: ukishamaliza kazi yako, utaondokaje?

Nyasi Ndefu

Kibuyu, ndugu wa Marigat amekujibu kuliko ambavyo ningekujibu mimi. Niongeze mfano wa kwetu, Amani, Usambara Mashariki. Mti uitwao mhesi uliletwa huko mapema karne iliyopita, asili yake ni upande wa Kagera, Uganda na Kongo. Ulikaa kimya miaka mingi. Msitu ulipovunwa magogo kwa mashine, yakabaki mapengo ya jua, na hondohondo wakala matunda yake wakayasambaza kwenye kila pengo. Pengo ambalo lingepitiwa na zamu za miti ya Usambara likachukuliwa na mgeni. Hapo unaona vitu viwili vikishikana: mbegu ya kigeni peke yake haikufanya kitu mpaka msumeno ulipofungua mlango.

Mikaratusi ina kazi yake, nguzo na mbao za kujengea, mtu apande mahali pa kupandia, mbali na chemchemi. Ninachokataa ni kufyeka kichaka kinachorudi ili kuipisha.

Tanuri la Kilosa

Mimi nimekula kwa mkaa, na kila mjadala wa misitu tunatupiwa mawe sisi. Nasema hivi: mti ukikatwa vizuri na kisiki kikabaki, unarudi. Nimekata mahali, na wadogo zangu wakaja kukata mahali hapohapo. Kinachomaliza msitu ni yule anayefuata nyuma yetu kulima ufuta na kung'oa visiki.

Nyasi Ndefu

Mkuu, kwa sehemu kubwa uko sahihi, na jina lako linataja wilaya iliyojaribu jambo hili kwa vitendo. Kuanzia 2012 kuna vijiji vya Kilosa vilivyopanga mkaa kwa utaratibu: msitu wa kijiji unagawanywa vipande vya mita 50 kwa 50, vinakatwa kwa kurukana kama ubao wa drafti, na kipande kilichokatwa kinapumzika miaka 24 kabla ya kuguswa tena. Kipande kilichokatwa kimezungukwa na miti mizima, kwa hiyo kuna kivuli pembeni, kuna ndege, na ile mbegu inayorushwa mita chache inapata pa kuangukia. Mapato yanabaki kijijini. Mpango umefuata mwendo wa miombo wenyewe.

Nisichokubaliana nawe ni pale tanuri lenyewe linapokaa. Chini ya tanuri udongo unaungua hadi mizizi, na doa lile linachelewa sana kuota. Tumieni sehemu moja kwa matanuri mengi mnavyoweza. Na mkikata mwezi wa tisa kisha moto ukapita, vichipukizi vya kwanza vinateketea na kisiki kinatumia akiba yake mara mbili. Akiba hiyo ina mwisho.

Kingine, angalieni uyoga. Mitundu na mitondo inaishi kwa ushirika na kuvu kwenye mizizi, na uyoga mwingi tunaouza barabarani Tabora msimu wa mvua unatokana na ushirika huo. Mahali visiki vimerudi lakini uyoga haujarudi, bado hapajakaa sawa chini.

Shamba la Marehemu

Wakuu nimewasoma tangu mwanzo. Nina shamba la urithi Kahama, ekari nane, lilikuwa la pamba na mahindi. Limelala muda mrefu, limejaa miiba. Ndugu wanasema tukodi trekta tusafishe tupande mikaratusi. Nimeanza kusita. Nifanye nini hasa, kuanzia wapi?

Nyasi Ndefu

Kwanza usilete trekta mpaka umelitembea lote. Nenda na mzee anayezijua mimea kwa majina. Tafuta visiki ndani ya miiba, utavikuta vimezungukwa na fimbo nyingi nyembamba. Kwangua gome la fimbo moja kwa kucha: pakiwa na ubichi, una msitu tayari. Hesabu ulivyonavyo kwa kila ekari, ndivyo vitakavyokuambia kama unahitaji kupanda chochote.

Kwenye kila kisiki chagua fimbo tatu hadi tano, zilizonyooka na zenye afya, ondoa nyingine. Pogolea matawi ya chini hadi nusu ya urefu. Funga kitambaa chenye rangi ili wachungaji na wakata kuni wajue pana mtu. Wenzetu wa Dodoma wanaita kisiki hai, na wanafanya hivyo katikati ya mashamba yao ya mtama bila kuacha kulima. Fimbo ulizoondoa ni kuni za mwaka wa kwanza, mama watoto hatalalamika.

Mwezi wa tano au wa sita, majani yakiwa na unyevu, lima njia ya kuzuia moto kuzunguka shamba lote, upana ambao ndimi za moto haziruki. Majirani wakikubali, chomeni pembeni mapema, pamoja, mchana usio na upepo. Ukisubiri Septemba umechelewa.

Miiba usiifyeke yote. Fungua njia za kupita, acha mafungu. Penye mafungu ya miiba ambapo hakuna visiki, hapo ndipo pa kupanda, ndani yake, miche ya asili unayoipata jirani, na mbegu uzichukue kwenye miti ya hukohuko Kahama. Sehemu ambayo visiki viling'olewa zamani itachelewa, usiilinganishe na nyingine.

Mifugo izuiwe kuanzia mvua za kwanza hadi Julai, kisha iruhusiwe. Ukiwakatalia majirani mwaka mzima, wataingia usiku. Afadhali kukubaliana na kuandikisha kwa serikali ya kijiji, mkiwepo na wazee, ijulikane ni ngitili ya nani na inafunguliwa lini.

Maswa Mashariki

Na ndugu wote watie saini siku hiyohiyo, hata walio mjini. Hasa walio mjini.

Shamba la Marehemu

Nimeelewa. Je, nikitaka ekari moja ya mikaratusi kwa ajili ya ada za shule?

Nyasi Ndefu

Weka kwenye kile kipande kilichong'olewa visiki, juu, mbali na kisima. Zile saba nyingine ziache zifanye zamu zao.